Mabosi wawili, taimshiti moja

Jana dogo mmoja mgeni ofisini kaniuliza, "kaka, hivi bosi wangu hasa ni nani?" nikabaki nacheka, maana mimi mwenyewe na miaka yangu tisa ya uinjinia swali hilo bado linanitoa jasho.

Sisi ni kampuni ya ushauri, tumepangwa kimatriksi, yaani mtu mmoja ana mabosi wa pande mbili. Una mkuu wa idara (wangu wa miundo), halafu kuna meneja wa mradi, PM, na miradi ikiwa mitatu basi na maPM watatu. Mfumo huu ulishika kasi Marekani miaka ya 1960 kwenye viwanda vya ndege na roketi, wao walikuwa na sababu zao, sisi nahisi tumechukua chati tu makubaliano ya nani anaamua nini tukayaacha hukohuko.

Ijumaa moja saa kumi jioni nina mchoro wa nondo za slabu, ile sakafu ya zege, PM anapiga, "injinia tuma basi, kesho alfajiri tunamwaga zege, magari yashalipiwa", na mkuu wa idara kasimama nyuma yangu na peni nyekundu anataka turudie hesabu pale kwenye nguzo ya pembeni, isije ikaitoboa slabu. Wote wako sahihi. Aliyekesha ni mimi, na zege ikamwagwa Jumapili.

Ila kusema kweli usiku ule ulikuwa mtamu, nguzo ilihitaji nondo za ziada kweli na nilisimama pale nikaziona zikifungwa. Kinachouma ni Desemba, tathmini. Anaandika mkuu wa idara ambaye mwaka mzima hajakanyaga saiti yangu, PM aliyeniona na tope mpaka magotini hana hata kiboksi cha kutiki. Nikapewa "wastani".

Kuna Mmarekani, Herzberg, alihoji wahandisi na wahasibu huko Pittsburgh, mwaka 1959 akatoa matokeo: mshahara mbovu unakuudhi sawa, ila raha ya kazi inatoka kwenye kazi yenyewe, umefanikisha kitu na mtu kakiona. Sasa kwetu anayeona ni mmoja, mwenye kalamu ni mwingine.

Mwaka huu mradi ukiisha namwomba PM emaili ya mistari mitano, nakala kwa mkuu wa idara. Wawili wameandika bila shida, wa tatu kanijibu "andika wewe nitaituma". Nimeandika. Nimejisifia kiasi tu.