Siku moja na magamba ya enzi ya barafu

Saa 1:30 asubuhi. Nje bado giza, Bremen ya Januari, Ujerumani. Ghala la matope lina nyuzijoto 4 mwaka mzima, nami navaa koti juu ya sweta. Rafu zimejaa tope la sakafu ya bahari. La kwangu linatoka kituo 1090, kusini mwa Atlantiki, lilichimbwa na meli ya utafiti kati ya mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Nakata kipande cha miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa kileleni.

Saa 3. Naosha tope juu ya chekeche la matundu ya mikromita 63, yaani sehemu 63 za elfu za milimita. Maji ya kijivu yanakwenda. Unabaki unga mweupe, nauweka kwenye oveni.

Saa 4 hadi 7 ndiyo saa zangu nizipendazo. Hadubini, brashi ya nywele chache iliyoloweshwa, na sampuli iliyokauka tangu jana. Naokota gamba moja moja la Globigerina bulloides, kiumbe wa baharini mwenye seli moja. Kila nikiliinua naona limefanana na zabibu zilizoshikana.

Mwanafunzi mgeni ananiuliza: gamba limejuaje habari za hewa? Namweleza. Mimea midogo ya juu ya bahari huvuta hewa ukaa. Ikifa au ikiliwa, sehemu ya kaboni huzama kilindini na kukaa huko karne nyingi. Lakini huko kusini naitreti, chakula cha mimea hiyo chenye naitrojeni, hubaki bila kuliwa, kwa kuwa mimea huhitaji pia chuma, nacho ni haba. Mwaka 1990 mwanasayansi wa bahari John Martin alipendekeza kwamba enzi za barafu upepo ulileta vumbi lenye chuma, na mimea ikashiba. Mimea hupendelea naitrojeni nyepesi, hivyo kadiri inavyokula naitreti, naitrojeni inayobaki huwa nzito zaidi, na gamba huhifadhi alama hiyo ndani yake.

Saa 8, wali na maharage, haraka.

Saa 9. Nachora grafu. Vumbi likipanda, naitrojeni nzito nayo inapanda. Nimeiona mara nyingi na bado moyo unanidunda. Mapovu ya hewa kwenye barafu ya Antaktika yanaonyesha sehemu 180 hivi za hewa ukaa kwa milioni wakati ule, dhidi ya 280 kabla ya viwanda. Chuma huenda kilichangia hadi 40 katika pengo hilo. Mengine ni kazi ya maji baridi na mzunguko wa kilindi, hivyo sikubaliani na wanaotaka kumpa vumbi sifa zote. Leo tumepita 420, na safari hii si bahari iliyoiachia.

Saa 11:40 jioni. Magamba 312 kwenye kisahani. Nahitaji mengine mia mbili ndipo mashine iweze kupima.