Kitambaa cha mzee

Jumapili, usiku.

Theluji imeanguka tangu alfajiri hapa Ypsilanti, Michigan, barabara haina mistari tena, ni nyeupe pe. Jirani yangu hufurahia siku kama hizi. Mzee huyu alifunga ekseli kiwandani miaka 31, akastaafu, kukaa nyumbani kukamshinda. Sasa analipwa kukaa nyuma ya usukani wa gari linalojiendesha lenyewe, mikono juu ya mapaja, tayari kulidaka likikosea. Wanaolijaribu wanaitafuta theluji kwa udi na uvumba, maana kwao San Francisco haianguki.

Nilicheka aliponieleza. Theluji hii tunayoilaani, na chumvi yake inayotutafunia magari, leo ndiyo mtaji wa Michigan!

Hapo Willow Run, Ford waliunda ndege za kivita za B-24 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku hizi ni uwanja wa majaribio ya magari. Ann Arbor nako chuo kikuu kilifungua Mcity mwaka 2015, mji wa kuigiza wa ekari 32, una taa, makutano na sura za maduka yasiyouza hata pipi. Na kile kituo cha treni cha Detroit, Michigan Central, kilichofungwa 1988 kikawa gofu? Ford walikinunua 2018, wakakifungua tena 2024 kiwe makao ya watu wa teknolojia ya usafiri. Nilikwenda na binti yangu. Yeye alikodolea macho dari ya vigae, mimi nikawa natafuta mtu mwenye mikono ya grisi. Sikumwona.

Hapo ndipo roho yangu inaposita. GM, yaani General Motors, kampuni ya magari ya hapa Detroit, walimwaga mabilioni ya dola kwa Cruise, kampuni ya San Francisco, na Desemba 2024 wakatangaza kwamba hawagharamii tena teksi zisizo na dereva. Ndoto ya kule, hasara ya huku. Kiwandani kwetu tumeanza kutengeneza vishikizo vya kamera: mashine moja, watu wawili. Vishikizo vya ekzosi vilikuwa vinakula zamu nzima.

Jioni mzee alikuja kuchukua chepe lake. Mfukoni ana kitambaa laini kama cha kufutia miwani. Tope la theluji likiziba kamera, gari husimama tu, naye hushuka akalipangusa.

"Leo mara tisa," akaniambia, akikikamua barazani kwangu.