Siku yangu na behewa la mbao Kisumu

Saa 12:40 asubuhi. Nafungua lango la karakana mapema kwa sababu ya gundi. Hapa Kisumu jua likishakolea, gundi inashika kabla hujaziweka mbao sawa, na alasiri nayo huja na mvua ya ziwani isiyobisha hodi. Kazi ya kuunganisha tunaimaliza kabla ya saa nne, halafu tunaingia ndani kukwangua.

Behewa lenyewe, la reli, tunalolikarabati, limekaa juu ya magogo, magurudumu yake yako kando yakingoja zamu. Fremu ya chini ni chuma, mwili wote ni mbao. Aliyekuwa nalo kabla alilifanya ghala la mahindi, na mpaka leo ukigonga ubao wa sakafu punje zinadondoka. Kuku wa jirani wanalijua hilo kuliko sisi.

Saa 1:15. Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, anaingia. Alistaafu reli, alikulia landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, na huniita nyathina, yaani mwanangu, hata mbele ya wateja.

"Oyawore, nyathina. Huo mshazari umeupima tena?"

"Nimeupima, Jaduong'."

"Basi pima na mimi nikiona."

Tunashughulikia nguzo ya kona. Imeoza chini, kiasi cha shibiri mbili, juu ni nzima kabisa. Fundi wa haraka angeing'oa yote aweke mpya. Sisi tunakata palipooza tu, tunachonga mshazari mrefu ili gundi ipate mahali pa kushika, kisha tunapachika kipande cha mvule. Mbao hiyo tumeitoa kwenye nyumba iliyobomolewa, maana mvule mpya wa halali kuupata ni kazi. Tena ni mbao yenye visirani: ndani yake hujifanya vijiwe vya chokaa ambavyo huvioni mpaka msumeno ulie na meno yaishe. Leo tumekutana na kimoja. Vumbi lake linawasha koo na ngozi, kwa hiyo barakoa si mapambo. Mwanagenzi wetu alibisha wiki ya kwanza, akajikuna hadi Jumapili.

Kabla ya kubana, nachonga mwaka kwa patasi upande wa ndani wa kipande kipya, usioonekana. Fundi atakayelifungua behewa hili sisi tukiwa hatupo asidhani mvule huu ni wa wazungu.

Saa 3:30. Chai, mandazi, simu za watu wa rangi. Tunaendelea.

Saa 4:10. Sasa ile kazi ninayoipenda. Ubavuni, chini ya madirisha, tunatafuta rangi za zamani. Hatutumii mashine. Rangi za miaka ile mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, ukisugua kavu unaivuta mapafuni wewe na kila anayepita uani. Tunalowesha msasa, tunasugua duara dogo, kila tabaka tunaliachia ukingo wake lionekane, kisha tunaingia la chini yake. Mabaki yanafutwa kwa kitambaa na kufungwa kwenye mfuko, hayamwagwi mtaroni.

Tabaka la juu lilikuwa la huyo wa mahindi: kijani, kimepakwa juu ya uchafu. Chini yake herufi za Kenya Railways, yaani baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Tukishuka zaidi, EAR&H, yaani East African Railways and Harbours, shirika lililozaliwa 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Leo, karibu saa tano kasoro, mwanagenzi akaniita kwa sauti ya chini kana kwamba ameona nyoka. Chini ya ile E kulikuwa na mguu wa herufi nyingine. Tukalowesha tena, taratibu, kwa msasa laini. Ikatoka K. Halafu U, imekatika nusu. R ilikuwa imeliwa na unyevu, lakini kivuli chake kwenye mbao kilikuwepo.

Jaduong' akainama, akavaa miwani. "KUR," akasema. Akasimama. "Hii ilinitangulia."

Saa 5:20. Mwenye behewa anapiga simu. Ni mtu mzuri, analipa kwa wakati, ila amekwisha kutengeneza kibao kinachosema "Behewa la 1901". Namwelewa. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence, na kila mgeni anaujua huo mwaka. Lakini jina la Kenya na Uganda, hiyo KUR (Kenya and Uganda Railway), lilianza kwenye reli miaka ya 1920. Kabla ya hapo ilikuwa Uganda Railway. Tabaka la chini kabisa, lililo juu ya mbao tupu, ni KUR. Basi behewa hili ni la kati ya miaka hiyo na 1948, na mimi 1901 siiandiki.

"Nani atajua, dada?"

Nikamwambia nitajua mimi, na atajua yeyote mwenye msasa. Kibao kinaweza kusimulia reli ya 1901 kadiri apendavyo, mradi kisimame ukutani na si mlangoni mwa behewa. Alisema atafikiria. Pia anataka rangi nzima ing'ae. Hapo tutavutana tena, kwa sababu lile duara letu lenye kingo za rangi zote nataka liachwe wazi chini ya kioo.

Saa 7. Omena, ugali, sukuma. Jaduong' analala dakika kumi akiwa ameketi.

Saa 8. Boda hadi kwa fundi wa kukereza, jua kali, karibu na Kibuye. Nimebeba bolti moja ya nusu inchi. Ukienda dukani na bolti hii utauziwa ya inchi inayofanana nayo kabisa, ukifika nyumbani inaingia mizunguko miwili inakwama. Hizi zetu ni Whitworth, mtindo wa Mwingereza Joseph Whitworth wa 1841: meno 12 kwa inchi, pembe ya nyuzi 55. Ya dukani ina meno 13 na pembe ya nyuzi 60. Ukilazimisha kwa spana ndefu unaharibu nati iliyodumu kuliko babu yako. Mkereza wangu hasomi vitabu hivyo; ana kipimo cha meno mfukoni, anaweka, anatazama mwanga, anatikisa kichwa, ananitajia bei. Tumekubaliana nane, kwa Ijumaa.

Saa 9:50. Mvua, kama ilivyotarajiwa. Turubai tulishalifunga. Ndani ya chumba cha abiria tunatoa skrubu za fremu ya dirisha. Zile za mfereji mmoja, za shaba, tunazipanga kwenye kadibodi kila moja kwa tundu lake. Zile za nyota ni za matengenezo ya baadaye. Aina hiyo ilikuja sokoni miaka ya 1930, huko Marekani, na zilizomo humu ni za chuma cha bei rahisi. Kila ilipoingia moja, mbao imekuwa nyeusi kuizunguka. Mwanagenzi sasa anazitambua kwa doa kabla hajaona kichwa.

Saa 11. Daftari. Naandika kilichotolewa, kilichobaki, kilichopachikwa, na picha ya zile herufi tatu ikiwa na rula kando. Nakala namtumia mwenye behewa bila maneno mengi.

Kesho tunalinyanyua upande mmoja tufikie boriti ya chini. Mwenye jeki ameapa ataleta nne. Mara ya mwisho alileta mbili na maelezo marefu.