Maji yaliyobaki

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno letu la wiki hii ni Ezekieli 34:18. Nabii anasema na kondoo walionona: mmekula malisho mazuri, mbona mnayakanyaga yaliyobaki? Mmekunywa maji safi, mbona mnayavuruga kwa miguu yenu yale yanayowangoja wenzenu? Tumezoea kulisoma neno hili kama onyo kwa wenye mali na mamlaka, na ni haki yake. Ila lina miguu na lina tope, na anayejiandaa kutembelea msitu wa kale wenye kijito alisome jinsi lilivyo. Kondoo hawa hawalaumiwi kwa kula wala kwa kunywa. Wanalaumiwa kwa hali wanayoiacha nyuma yao.

Msitu wa kale si miti mikubwa tu. England na Wales, kwa mfano, msitu huhesabiwa wa kale ukiwa umekuwepo bila kukatika tangu mwaka 1600, na Scotland tangu 1750, kwa kuwa ramani za kutegemewa zinaanzia karibu na miaka hiyo. Kinachotafutwa ni udongo ambao haujaguswa na jembe kwa vizazi vingi, wenye nyuzi za kuvu zilizoshikana na mizizi: kuvu huupa mti maji na madini, mti huipa kuvu sukari. Mche unaweza kupandwa kwa dakika chache. Udongo wa namna hii haupandwi.

Kwa hiyo tuanze na miguu. Mizizi mingi inayonyonya maji iko juu juu, ndani ya sentimita 60 hivi za kwanza, na husambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Kundi likitoka njiani kwenda kuuzunguka mti mkongwe, lipige picha, liimbe, liombe, linashindilia udongo. Vitundu vya hewa vinaziba, mvua inateleza juu badala ya kuzama, mizizi inakosa pumzi. Mti hauonyeshi siku hiyo. Huanza kukauka kileleni miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka nani alisimama pale. Basi mti mkongwe tuutazame kutoka njiani, na kundi kubwa ligawanywe katika vikundi vidogo vinavyopishana kwa muda.

Na njia ikiwa na tope, piteni katikati ya tope. Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani wanafanya vyema: kila mmoja anakanyaga pembeni kidogo ili asichafuke, pembeni napo panakuwa tope, anayefuata anasogea tena, na njia ya hatua moja inakuwa uwanja. Mimea ya chini ndiyo inayolipa. Ua la bluebell la misitu ya Uingereza huchukua takriban miaka mitano tangu mbegu hadi kuchanua, na majani yake yakipondwa hayawezi kukilisha kitunguu chake kilicho ardhini kwa ajili ya msimu ujao. Vaeni viatu ambavyo hamtavionea huruma.

Sasa kijito. Chagueni jiwe moja la ukubwa wa kiganja, pembeni, mahali maji hayafiki magotini. Liinueni polepole na kuligeuza likiwa bado karibu na maji. Upande wa chini kuna watu wa nyumba hiyo: buu bapa mwenye mikia mitatu anayekimbilia kivuli, mwingine mwenye mikia miwili, na huenda kijimrija cha chembe za mchanga chenye urefu wa ukucha. Kijimrija hicho ni nyumba. Buu lililomo ndani limezigandisha chembe hizo moja moja kwa uzi linaoutoa mdomoni, na likitulia kidogo mtaona kichwa na miguu ikichungulia. Hawa hupumua hewa iliyoyeyuka majini, na wengi wao hawavumilii uchafu, ndiyo maana wapimaji wa mito huwahesabu ili kujua afya ya maji. Wakikaa nje nusu dakika inatosha. Rudisheni jiwe mahali pake, upande uleule chini, taratibu, lisiwaponde.

Watoto hupenda kupanga mawe wajenge bwawa. Tuwaeleze kwa upole kwamba kila jiwe linalohamishwa ni paa lililong'olewa, na kwamba tope linalotifuliwa huenda likatua juu ya mayai ya samaki chini ya mkondo na kuyanyima hewa. Vivyo hivyo dawa ya mbu na mafuta ya kukinga jua: mikono na miguu iliyopakwa isiingie majini. Aliye na mbwa amfunge kamba na amzuie kuoga humo, hasa kama amepakwa dawa ya viroboto shingoni katika wiki za karibuni. Dawa hizo, kama fipronili na imidaklopridi, zimetengenezwa kuua wadudu, na zimepatikana katika mito ya Uingereza. Buu halijui kwamba halikukusudiwa.

Zaburi 104 inapanga mambo kwa utaratibu unaofaa kuutafakari hapo ukingoni. Mistari ya 10 hadi 12 inatoa chemchemi kwa wanyama wa kondeni na matawi kwa ndege. Mwanadamu anatajwa baadaye, mstari wa 14. Kisha mistari ya 20 hadi 23 inagawa zamu: usiku ni wa wanyama wa mwituni, jua likichomoza wanarudi mapangoni, na mwanadamu anatoka kwenda kazini. Anayetaka kuwaona wanyama afike wakati zamu zinapobadilishana, alfajiri. Akae upande ambao upepo unampiga usoni, harufu yake isitangulie. Anyamaze dakika kumi na tano hadi ishirini, simu ikiwa kimya na spika zikiwa zimebaki nyumbani, kwa kuwa ndege hunyamaza mtu anapoingia na huhitaji muda kurudia shughuli zao. Mnyama akiacha kula na kuinua kichwa, tumeshakaribia mno, turudi nyuma. Kumbukumbu la Torati 22:6 inamzuia hata mwenye njaa kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake, sembuse sisi tuliokuja kutazama.

Magogo yaliyolala yaacheni yalale. Uyoga na mabuu ya mende wanaishi humo, na kigogota anawategemea. Moto usiwashwe kabisa, hata mdogo wa ibada, maana udongo uliojaa majani makavu na mizizi unaweza kufuka chini kwa chini baada ya watu kuondoka. Upepo ukivuma msikae chini ya matawi makavu. Maji yakipanda ghafla au kubadilika rangi, ondokeni ukingoni, hata kama kwenu jua linawaka. Mvua huenda imenyesha juu.

Wengine huona aibu kulizungumza hili, lakini Torati haikuona. Kumbukumbu la Torati 23:13 inaagiza kila mtu awe na chombo cha kuchimbia, achimbe na kufunika. Pasipo na choo, shimo liwe la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini, yaani hatua themanini hivi za mtu mzima. Karatasi irudi nyumbani ndani ya mfuko.

Kabla ya kuingia na baada ya kutoka, sugueni soli kwa brashi ngumu mpaka tope liishe kwenye mifereji yake. Tope hilo hubeba mbegu za magugu na vimelea vinavyoozesha mizizi, na vifaa vyenye unyevu huweza kubeba kuvu inayoua vyura kutoka kijito kimoja hadi kingine. Kisha anikeni viatu hadi vikauke kabisa, ndani na kwenye mishono.