Nguo kwenye beseni

Leo nimemsindikiza mdogo wangu kwa mshauri nasaha. Nimekaa kwenye benchi nje karibu saa nzima, sina la kufanya ila kujihesabia makosa.

Nilikuwa nikimwita mvivu. Siku moja nilikuta nguo zake kwenye beseni, kaziloweka tangu Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatano. Maji yameota utelezi, harufu imefika mlangoni. Nikafoka. Akasema, "Nitazifua kesho, dada," basi, akageukia ukutani. Hakubisha. Yeye, ambaye hubisha hata ukimwambia ni saa ngapi! Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilishafurahia kushinda.

Mimi nilikuwa nasubiri machozi. Nilidhani mtu mwenye sonona, ugonjwa wa kushuka moyo, hulia. Huyu hakulia, aliacha tu mambo, moja baada ya jingine: kupiga soga, kujibu ujumbe, hata kununa. Saa tisa usiku naona mwanga wa simu chini ya mlango wake, mchana haamki.

Swali la kwanza la mshauri lilikuwa: haya yameanza lini? Wao huangalia kama hali imedumu angalau wiki 2. Moyo kuzama au hamu ya mambo kukatika, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, huku usingizi, kula, nguvu na umakini vikivurugika hadi maisha yanakwama. Si kila huzuni ni ugonjwa. Aliyefiwa anaweza kuomboleza miezi bila kuwa na maradhi yoyote. (Nalisema hili kwa sababu siku hizi watu wanagawiana majina ya magonjwa kama njugu.) Lakini nilipohesabu kwa vidole, yeye alikuwa wiki ya 7.

Kilichoniamsha ni saa yake ya mkono. Alinipa. "Chukua tu, mimi sina kazi nayo." Saa aliyojinyima miezi kuinunua. Usiku ule niliingia chumbani kwake, nikakaa sakafuni, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Ulimi ulikuwa mzito. Niliogopa kumtia wazo ambalo hana. Woga huo hauna msingi, wataalamu wamelichunguza jambo hili: kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Alinyamaza weee. Kisha: "Si kujiua. Natamani tu nilale nisiamke."

Angeniambia ana mpango na njia, tungeondoka saa ileile kwenda hospitali. Nilizikusanya dawa zote za nyumbani nikazifungia, nikalala palepale sakafuni, asubuhi nikatafuta miadi. Sikumpa mawaidha. Nilikuwa nimeshampa ya kutosha.

Mlango ulipofunguliwa alitoka macho mekundu. Akautazama mkono wangu, nikaivua saa nikampa. Akaivaa, akasema nimeulegeza mkanda.

Miadi nyingine ni Alhamisi.