Geita iko wapi? Jinsi nilivyojifunza msumeno wa maua

"Mwalimu, Geita iko wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa darasa la tano, kidole chake kimesimama kusini mwa Ziwa Victoria. Mbele yake kulikuwa na ramani ya Tanzania ya mbao, kila mkoa kipande chake, kazi iliyonichukua wiki tatu za jioni. Geita haikuwepo. Wala Katavi, Njombe, Simiyu na Songwe. Nilikuwa nimefuatisha ramani ya ukutani ya zamani, iliyochapishwa kabla mikoa minne haijaongezwa mwaka 2012 na Songwe kufuata mwaka 2016. Mimi ndiye mwalimu wa somo lenyewe, na orodha ya mikoa 31 naijua hata nikiamshwa usiku. Lakini kwa wiki tatu zile mawazo yangu yote yalikuwa kwenye bledi ya msumeno, nchi nikaisahau.

Nianze nyuma kidogo. Mwaka 2021 nilisoma mahali habari za John Spilsbury, mchora ramani wa London, ambaye katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya mbao nyembamba, akazikata kufuata mipaka ya nchi, akaziuza za kufundishia watoto jiografia. Kumbe ule mchezo wa kupanga vipande ulianzia darasani! Nikataka ramani kama hiyo kwa ajili ya wanafunzi wangu, ila ya kwetu. Mwezi uleule nikakutana na mashine ya kukatia mbao kwa mwuza mitumba ya vyombo vya umeme hapa Tanga. Ilitoka Uingereza, umeme wake volti 230 kama wetu. Alitaka laki tatu na nusu, tukamalizana kwa shilingi 260,000.

Fundi seremala wa mtaani kwetu anaiita mashine ya maua, nami nimemfuata. Ni msumeno wa mezani wenye bledi nyembamba ya inchi tano, iliyoshikwa juu na chini, inayopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Bledi haiendi popote. Wewe ndiye unayeizungushia mbao, na kwa kuwa ni nyembamba, unaweza kukata kona ambayo jigso, msumeno wa umeme wa kushika mkononi, haiioti hata ndotoni.

Siku ya kwanza niliweka bledi juu chini. Meno yanatakiwa yatazame chini, ili kila pigo liishindilie mbao mezani. Yangu yalitazama juu, basi kila nilipogusa, mbao ikarukaruka na kunipiga vidole, sauti kama mtu anagonga bati. Mtoto wangu alikuja mbio kuangalia kama nimeumia. Siku hizi sibahatishi. Napiga bledi picha kwa simu, naivuta picha ikue, naona meno yanaelekea wapi. Njia nyingine ni kupitisha ukucha: upande mmoja unateleza, mwingine unakwama.

Kosa la pili lilikaa nami muda mrefu zaidi, na aliyelitibu ni mama. Mama ameshona nguo kwa miaka zaidi ya thelathini, na siku hiyo alikuja kututembelea akanikuta stoo nimeinama, jasho linanitoka, bledi ya nne imekatika tangu asubuhi. Alisimama mlangoni kitambo bila kusema kitu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza:

"Mbona unakisukuma hivyo, mwanangu?"

"Mbao ngumu, mama."

"Kitambaa hakisukumwi. Kinaongozwa. Hebu nipishe."

Akavaa miwani yake, akaketi, akaweka viganja viwili bapa juu ya mbao kama anavyoweka juu ya kanga, na akakata nusu duara safi. Mara ya kwanza maishani mwake! Mimi nilikuwa na mwezi mzima. Tatizo langu lilikuwa kusukuma mbao kwenda mbele huku naipinda, hivyo bledi inapinda nayo, inapata moto, inakatika. Kwenye kona unapunguza kwenda mbele, unazungusha mbao papo hapo, mashine inaendelea kula taratibu, halafu ndipo unaendelea. Tangu siku hiyo nakata nimeketi kwenye stuli, sikati tena nimesimama. Ukisimama, uzito wa mwili unaingia mikononi bila wewe kutaka.

Kukaza bledi nako ni kazi ya sikio. Ikilegea inayumba na mkato unakwenda mrama, ikizidi kukazwa inakatika. Naidonoa kwa kidole. Ikitoa mlio mzito, bado. Ikilia "ting" kali kama uzi wa gambusi, tayari. Mji wetu ni wa taarabu, sauti hiyo haihitaji maelezo.

Bledi zenyewe zilinisumbua kuliko kitu chochote. Mashine ilikuja na mbili tu, zile zenye pini ndogo kila ncha. Za namna hiyo ni rahisi kufunga, lakini ukitaka kukata tundu ndani ya mbao lazima utoboe tundu kubwa ili pini ipite, na ua dogo linaharibika. Mashine yangu, kwa bahati, ina vibano vya kushika pia bledi zisizo na pini. Ila za kununua hapa mjini sikuziona, nilizunguka maduka ya vifaa mpaka nikachoka. Aliyeniokoa ni sonara. Nilikwenda kukazisha pete ya mke wangu, nikamwona akikata fedha kwa kimsumeno chake cha mkono. Nikaomba kuishika ile bledi na kuipima: inchi tano. Akaniuzia dazeni. Meno yake ni madogo sana kwa kuwa yametengenezwa kukata chuma, kwa hiyo kwenye plaiwudi ya milimita tatu au nne zinakwenda polepole lakini zinaacha ukingo laini kama umepigwa msasa. Kwenye mbao nene hazifai. Baadaye binamu yangu aliyeko Leicester alinitumia dazeni tatu za bledi za kukatia mbao, kazichomeka ndani ya kadi ya Idi. Baadhi zina meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu, yanazuia mbao isichanike kwa chini. Hizo nazitumia kwa uchoyo.

Sasa stoo. Ni chumba cha uani, mita tatu kwa mbili na nusu, kilichokuwa kimejaa godoro bovu, baiskeli isiyo na mnyororo, ndoo zilizopasuka na mitihani ya wanafunzi ya miaka ambayo wanafunzi wenyewe sasa wana watoto. Kukiondoa kile kilichokuwemo kulinichukua Jumamosi mbili na ugomvi mmoja. Godoro lilikuwa la mama mkwe.

Kosa kubwa la kwanza la stoo lilikuwa sakafu. Nilipanga mbao na michoro chini, ukutani, nikajiona mtu mwenye mpangilio. Baada ya masika nikainua rundo la michoro likabaki udongo. Mchwa walikuwa wamekula karatasi yote wakaacha umbo lake tu. Sasa hakuna kinachogusa sakafu isipokuwa miguu ya meza na yangu. Mbao zinalala juu ya vyuma vilivyopigiliwa ukutani, michoro iko kwenye faili la plastiki linaloning'inia.

Mashine ilitetemeka mpaka vikombe vya jirani vikawa vinalia, au ndivyo alivyosema. Nilichukua kandambili mbili kuukuu nikazikata, nikaweka vipande chini ya miguu minne ya mashine, nikaifunga kwa bolti juu ya meza nzito ya mkangazi iliyokuwa ya babu. Mtetemo ulipungua sana. Na mashine isipotetemeka, mkato unanyooka. Hilo sikulijua, nilidhani ni suala la kelele tu.

Vumbi lilinipeleka kwenye ugomvi wa pili. Niliweka feni dirishani ipulize nje, akili yangu ikaniambia nimemaliza. Nje ya dirisha lile kuna kamba ya jirani ya kuanikia nguo, na siku ile nilikuwa nakata mninga, ambao unga wake ni wa rangi ya hudhurungi. Mashuka meupe manne. Niliyafua mwenyewe, na mke wangu hakunisaidia, alikaa kibarazani anacheka. Feni sasa inapuliza upande wa ukuta wa nyuma kupitia gunia lililolowanishwa, nami navaa barakoa hata kwa kazi ya dakika tano. Unga wa mvule ndio ninaouogopa zaidi. Unajulikana kuwaletea maseremala pumu na vipele, na mimi nikiukata naanza kupiga chafya kabla sijazima mashine.

Bledi nazihifadhi kwenye vipande vya paipu ya plastiki ya nusu inchi, vimezibwa chini, vimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Hewa ya bahari inakula chuma haraka, kwa hiyo ndani ya kila paipu kuna kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Chupa ni ya mama. Kabla ya kukata naifuta bledi, la sivyo mafuta yanaacha doa. Uso wa meza ya mashine nausugulia mshumaa, haupati kutu na mbao inateleza vizuri.

Ugonjwa ambao sijapona ni wa kutunza makombo. Kila kipande kinaonekana siku moja kitakuwa kitu. Mke wangu ndiye aliyeweka sheria: kilicho kidogo kuliko kiganja chake kinakwenda jikoni. Mninga na mtiki vinawaka vizuri. Plaiwudi hatuchomi, moshi wa gundi yake si wa kupikia chakula.

Kwa ramani nilitumia plaiwudi ya milimita sita, upana sentimita sitini, kwa hiyo sentimita moja ni kilomita ishirini. Hapo nikagundua mpaka wa mashine yenyewe. Kutoka kwenye bledi hadi mkono wake wa nyuma ni inchi 16, kama sentimita arobaini. Ubao wangu ukiuzungusha unagonga nyuma. Ilibidi kwanza niikate nchi mapande kwa jigso, nikifuata mipaka ya mikoa, ndipo niendelee na mashine.

Nilidhani mwambao wa Kilwa na visiwa vyake ndio utanitesa. Hapana. Kilichonitesa ni mpaka wa Kenya, ule mstari ulionyooka kutoka Ziwa Victoria mpaka pwani karibu na kwetu, wenye pindo moja tu penye Kilimanjaro. Mkato wa kujipinda unasamehe, jicho halioni ukikosea milimita moja. Mstari ulionyooka hausamehi. Tena bledi hizi kwa jinsi zinavyotengenezwa huvuta upande mmoja, aghalabu kulia, kwa hiyo ukiielekeza mbao moja kwa moja, mkato unatoka nje ya mstari. Unatakiwa uiweke mbao mshazari kidogo tangu mwanzo. Kabla sijalijua hilo, Loitokitok ya Kenya ilikuwa imeshakuwa ya Tanzania.

Unguja na Pemba kwa kipimo kile zilikuwa ndogo mno kugawanywa mikoa mitano. Mjini Magharibi peke yake ingekuwa na ukubwa wa ukucha. Nikafanya kama wachapa ramani wanavyofanya: visiwa nikavikuza, nikaviweka kwenye kisanduku chake pembeni.

Halafu ndipo Geita. Katavi, Njombe na Songwe ningeweza kuziokoa kwa mkato mmoja kila mmoja, maana Katavi ilitoka Rukwa, Njombe Iringa na Songwe Mbeya. Lakini Geita ilimegwa Mwanza, Shinyanga na Kagera, na Simiyu nayo ilichukua Shinyanga pamoja na Busega ya Mwanza. Hapo huwezi kukata tu, itabidi uunge kwa gundi. Nikakata upya yote. Safari hii nilitumia mbao ya mtiki wa Longuza, Muheza, niliyopata kama makombo kiwandani, nikaigawa na kuiunganisha. Mtiki una mchanga mchanga ndani yake unaomaliza meno ya bledi, na ukikata polepole unaungua. Dawa niliyoipata ni selotepu ya kufungia maboksi: unaibandika juu ya mbao kabla ya kukata, na alama za kuungua zinapungua kabisa. Sijui ni nani aliyeligundua hili kwanza, ningemnunulia soda.

Ramani ya pili imekaa darasani mwaka wa tatu sasa. Tabora, mkoa mkubwa kuliko yote, haijawahi kupotea. Dar es Salaam imepotea mara nne. Ni kipande cha sentimita mbili hivi, kinaingia mfukoni bila kujulikana, na mara moja kilirudi kikiwa kimetobolewa na kutiwa uzi, mtu alikivaa shingoni. Kwa hiyo nilibandika vipande sita vya mtiki kimoja juu ya kingine, nikavikata kwa mpigo mmoja. Viko kwenye kopo la kahawa juu ya rafu, karibu na bledi namba tano. Kila muhula unapoanza natoa kimoja, nakipiga msasa kidogo kiingie vizuri kando ya Pwani, nakwenda nacho shuleni.