Furahini Pamoja Nao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umekuwa mzito. Desemba ikikaribia, nyumbani kwetu Dar es Salaam mazungumzo yote ni ya Moshi: nauli, mbuzi, nguo za watoto, kitenge cha bibi. Mume wangu ni Mchaga wa Old Moshi, na Mchaga Krismasi huila nyumbani, kihambani, pale walipozikwa wazee wake. Mimi ni wa Masasi. Huu ndio msimu wa korosho, mama yangu yuko huko, na ninamkumbuka mno.

Katika hali hiyo nimekutana tena na Warumi 12:15: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Kulia tunaweza. Simu ya msiba ukweni ikiingia, nauli hupatikana tu. Tunajifunga kanga, tunasafiri, tunalala mkekani na wafiwa. Lakini wakwe wakiwa na furaha yao, hapo ndipo hesabu zinaanza. Paulo hakutuambia tuchague.

Niseme kwa upendo, lakini niseme. Wapo kati yetu ambao sikukuu ukweni mwili hufika, moyo hugoma. Mtu anakaa pembeni na simu yake, kila chakula anakilinganisha na cha kwao, na wakati wa kurudi, safari nzima ni kuwasema ndugu za mwenzake, watoto wakisikia. Watoto hao ni damu ya pande zote mbili! Ukidharau meza ya bibi yao, unawafundisha kujidharau wenyewe. Tuache, wapendwa. Mwenzi uliyepewa na Mungu hukumwokota njiani. Ametoka kwa watu, wenye nyimbo zao, vyungu vyao na namna yao ya kumshukuru Bwana, na hao watu ndio waliomlea mpaka ukampenda.

Nami ninashuhudia. Krismasi yangu ya kwanza kule, mama mkwe alinipa kisu, akanipaka mafuta mikononi utomvu usinigande, akaniketisha mbele ya rundo la ndizi mshare za kupikia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Kichaga sikijui, kwa hiyo maneno yalikuwa machache. Tukamenya mpaka karai likajaa. Kesho yake baada ya ibada alinishika mkono, akanipeleka kwa wanawake wenzake, akawaambia, "Huyu ni mwanangu." Nililia pale pale uwanjani pa kanisa. Mbege, pombe yao ya ndizi, sinywi, na mama mkwe anajua; kata ikinifikia naipokea kwa mikono miwili, nampa anayefuata, na hakuna anayenuna. Dhamiri yako itunze mbele za Mungu, ila usiifanye kisingizio cha kujitenga.

Na Pasaka mume wangu huja Masasi. Mlutheri huyu asiyezoea ubani hukesha na Waanglikana wa kwetu mpaka mshumaa wa Pasaka uwashwe, kisha huimba nasi kwa sauti kuu. Mama yangu humwekea paja la kuku.

Wala hatuanzi sisi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika kwa Wachaga mwaka 1902, aliona ukoo na ujirani wao kuwa zawadi ya Mungu, si vitu vya kubomoa. Kule kwetu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, hakulifuta jando; alilipa nafasi ndani ya maisha ya Kanisa. Wale walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Je, sisi tuliokula kiapo madhabahuni tushindwe kuheshimu sikukuu ya nyumba tuliyoolewa, au ya nyumba tuliyooa?

Basi kabla ya Jumapili, mpigie simu mama mkwe. Usimwachie mwenzako, piga wewe. Muulize amepungukiwa nini jikoni kwa ajili ya sikukuu, na umwambie unakuja kumsaidia. Kina baba, hili ni lenu pia. Mimi nitapiga leo jioni, nikimaliza nitampigia mama Masasi, tupange Pasaka.